Chai ya Zayd

Carama, Bujumbura
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Sheikha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na ule mgongo wa shemeji ambao kila masika humkumbusha kwamba ujanani alibeba magunia. Kuku wako je? Yule jogoo anayewafukuza wageni bado yupo, au mlimla Idi? Mimi huku ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Thuwaiba naye mzima, meno ya mbele yameng'oka na mapya yameota, na ulimi umekua kuliko meno. Mama mkwe wangu, Bi Houda, anakusalimu sana sana. Naye ni mzima, ila si mzima wote, na hilo utalielewa ukiendelea kusoma.

Utashangaa kupata barua. Utasema, huyu naye, simu anayo, vidole anavyo, barua ya nini zama hizi? Dada, kwenye simu wewe hunikatiza. Usikatae. Nikianza neno unalimalizia, na mara nyingi unalimalizia vibaya. Nami nikisikia sauti yako nitalia, na nikilia sitasema. Karatasi haikatizi mtu. Amejitolea kuibeba Valéry, dereva wa lori anayeleta saruji kutoka kwenu Kigoma, mtu mwema, nimemwambia nyumba yako ni ile yenye geti la buluu karibu na msikiti na kwamba atapewa chakula. Basi usiniaibishe, mpe chakula.

Kwanza nisamehe. Nimekaa siku nyingi nikitafuta pa kuliweka neno hili, mwanzo au mwisho, nikaona niliweke mwanzo ili usije ukaichana barua kabla ya kulifikia. Nisamehe kwa siku ile.

Unaikumbuka, najua, lakini acha niisimulie nilivyoiona mimi. Ulikuja na dumu lako la mawese na dagaa, ukaketi nasi kwenye mkeka pale juu, katika nyumba yetu ya mtaa wa Asiatique, duka la vipuri vya baiskeli likiwa limefungwa chini yetu kama lilivyokuwa tangu Zayd aondoke. Alasiri ikaingia. Kengele ikalia kule dukani, mara mbili. Ulisema hukusikia kitu. Mimi nilisikia, na Bi Houda alisikia, maana aliinua kichwa. Ile ndiyo ilikuwa ishara ya mume wangu, unajua: aliifunga kengele ya baiskeli pembeni mwa meza ya duka, na akitaka chai aliipiga mara mbili, nami nikateremka nayo. Alikuwa mvivu wa kupanda ngazi, Mungu amrehemu. Basi niliinuka, nikapika chai ile ile, hiliki na tangawizi, vijiko vitatu vya sukari vilivyofura, nikateremka nayo, nikaiweka kwenye ngazi ya mwisho mbele ya mlango wa nyuma wa duka. Ukanifuata. Ukaniuliza mbele ya mama mkwe wangu nampa nani chai, na mume wangu amekufa maji, na Bujumbura nzima inajua.

Nilipanda nawe, Bi Houda akaenda kutia udhu, nikasubiri, kisha nikateremka tena nikakuletea gilasi. Ilikuwa tupu, majani yamebaki chini. Rangi ilikuhama usoni. Ulisoma Ayatul Kursi, nami nikacheka. Ulisema huyo ni jini au ni binadamu lakini si Zayd, nimchukue mtoto nikufuate Kigoma siku ile ile. Ndipo nikakuambia lile neno, kwamba una wivu, kwamba afadhali mume mfu anayerudi kunywa chai kuliko mume hai anayelala na mgongo. Dada, neno hilo nimelitafuna miaka hii yote na halimezeki. Ulifunga mzigo wako, nami nikaifunga namba yako isipite kwenye simu yangu. Ujinga mtupu! Dumu la mawese hukulichukua, na tulilitumia mpaka tone la mwisho.

Sasa nikuambie tulivyoishi baada ya wewe kuondoka.

Tuliishi kwa kusikiliza, dada. Asubuhi nilipika vitumbua vya kuuza, mchana nilifua, lakini vyote vilikuwa vya kungojea alasiri. Ikikaribia, nyumba ilinyamaza yenyewe. Bi Houda aliacha tasbihi vidoleni. Mtoto alijifunza kutokuwa na kelele saa hiyo, mtoto mdogo hivyo, anatembea kwa ncha za vidole. Kutoka ziwani ilikuja ile harufu ya maji yaliyosimama, maana tangu ziwa lipande halikurudi lote, lilibaki kwenye mitaro kule bandarini. Kisha kriing, kriing. Si kila siku. Siku nyingine haikulia, na siku hizo ndizo zilikuwa mbaya, nilizunguka chumba nikijiuliza nimemkosea nini. Lakini chai niliipeleka hata hivyo, na gilasi ilirudi tupu hata hivyo.

Ufunguo wa duka nilikuwa naubeba shingoni. Sikufungua hata mara moja. Nilisema mkono wake ndio uliofunga, mkono wake ndio utakaofungua.

Bujumbura haikunisubiri. Mafuta yakakosekana, magari yakalala kwenye foleni za vituo, baiskeli zikazuiwa kushuka katikati ya mji zikabaki huko vitongojini, na jirani zetu wenye maduka wakahama mmoja mmoja. Jengo letu likauzwa. Aliyelinunua ni mzee mmoja, Melchior, anataka kulivunja ajenge ghorofa. Hakuwa mtu mbaya. Alipanda ngazi akivuta pumzi, kofia mkononi, akaomba kuzungumza na mwenye nyumba. Bi Houda akamwambia hayupo. Akauliza atarudi lini, nasi wote wawili, kwa pamoja, kama tuliofundishwa shuleni, tukasema jioni. Yule mzee alitutazama, akamtazama mtoto, mtoto akatazama chini. Akasema bon, haya basi, atarudi siku nyingine. Akarudi siku nyingine, tukamwambia lile lile.

Na sheikh naye akaja. Mwaka wa nne ulikuwa umeingia. Wazee wa msikiti walikaa, wakamwita Rénovat, yule mvuvi wa Ruziba aliyekuwa katika boti ileile siku ile, aliyenusurika kwa kushikilia dumu. Rénovat hajawahi kubadili maneno. Alisema kama alivyosema tangu siku ya kwanza: upepo uligeuka walipotoka tu Ruziba kuelekea Rumonge, boti ikalala, akamwona Zayd akizama mara moja, akaibuka, akazama mara ya pili na hakuibuka. Alilia mbele ya wazee. Sheikh akaja kuniambia kwamba hukumu imekwisha, Zayd ni marehemu, nikae eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, kisha nitoke niishi. Alisema kwa upole. Alisema kumgoja mtu ni ibada mpaka pale kunapogeuka kuwa kumfunga.

Nilimwambia asiyejua kufa atazame kaburi, na mimi anionyeshe kaburi. Nikamfungulia mlango atoke. Jirani walisema Lamya ameingiwa na pepo. Sikujali. Ningehamaje, dada? Hilo ndilo lilikuwa swali langu, usiku na mchana: akirudi akikuta jengo limevunjwa, atatukuta wapi? Na nikikaa eda, si nimemuua mimi kwa mkono wangu?

Sasa sikiliza habari ya mguu wa Bi Houda.

Unajua ana sukari tangu zamani. Alikuwa anaishi nayo vizuri, dawa anakunywa, chai anakunywa kavu, wali kidogo. Basi kidonda kikatoka kwenye kidole cha mguu, kidonda kidogo cha kiatu, na hakikupona. Tukaosha, tukafunga, kikanuka. Macho yakaanza kuona ukungu. Dative, yule nesi wa zahanati ya jirani, akampima sukari akashtuka, akapima tena akidhani mashine ina wazimu. Akaniita pembeni akaniuliza huyu mama munamulisha nini. Nilimwapia kuwa nyumbani hatuna hata biskuti. Nilificha sukari kwenye kopo juu ya kabati, Bi Houda hawezi kuifikia. Nilimpimia ugali kwa kiganja. Dative akaja wiki nyingine, sukari imepanda zaidi. Akanitazama kwa jicho la kunishuku, na mimi nikaona uchungu, maana nampenda yule bibi, Wallahi nampenda kama Mama aliyetuzaa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kengele ililia. Nilipika, nikateremsha, nikapanda, nikaanza kukunja nguo. Mara nikasikia gilasi inavunjika. Dada, moyo ulinisimama kwa furaha. Ndiyo, furaha, nakuambia ukweli. Nilidhani leo nitamkuta. Nilikimbia ngazi zile bila viatu, nikamkuta Bi Houda chini, amekaa vibaya dhidi ya mlango wa duka, macho yamegeuka, mtandio umelowa chai kifuani, na vidole bado vimekunjwa kama vimeshika kitu.

Nilipiga ukelele Asiatique yote ikasikia. Wapakizi walimbeba kwenye mkokoteni hadi hospitali kwa sababu gari halikupatikana, mimi nakimbia pembeni nimemfunika uso asipigwe na jua. Walimrudisha, alhamdulillahi. Lakini kidole kilikuwa kimekufa, wakakikata.

Alipopata kauli alitaka tuwe wawili tu. Nikampa Dative mtoto, nikafunga mlango. Akaniambia kwamba alijua mwanawe amekufa tangu jioni ya siku ya kwanza. Alisema mama hujua, tumbo humwambia. Lakini ile wiki ya kwanza niliposikia kengele nikapeleka chai, nilirudi nayo imepoa, imejaa, nikalia mpaka nikazimia, na maziwa yakanikauka mtoto akabaki anapiga kelele. Siku ya pili yake akateremka yeye kimya kimya akainywa. Akaniona nimeleta gilasi tupu nikitabasamu, nikala, nikamnyonyesha mtoto. Basi akasema moyoni, kesho tena. Na kesho ikazaa kesho. Baadaye, alisema, sababu ikabadilika. Alisikia habari za eda, akahesabu: nikikaa eda nitatoka, nikitoka nitaolewa au nitakufuata Kigoma, Thuwaiba atakwenda na mimi, naye atabaki na ngazi. Kwa hiyo akaendelea kunywa. Alijua inamuua. Alisema afadhali imuue tukiwa pale pale.

Nilimshika mkono. Nilimwuliza na kengele je, kengele anaipigaje na ufunguo ninao mimi? Akanitazama kwa yale macho ya ukungu. Akasema kengele si yeye. Alisema alidhani ni mimi.

Nilirudi Asiatique peke yangu mchana ule. Sikupanda juu. Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho, vipande vya gilasi vimefagiliwa na jirani, doa la chai bado lipo, sisimizi wamejipanga juu yake. Nikavua ufunguo shingoni. Kufuli lilikataa, nikaligonga kwa jiwe mpaka likakubali.

Ee Mola. Nilitarajia nini sijui. Ndani mlikuwa na vumbi na joto. Shati lake la kazi lilikuwa limening'inia msumarini, nondo wamelila mabega. Nikashika mipira ya ndani ya baiskeli, ile aliyoipanga kwa ukubwa, shehena nzima aliyoinunua kabla ya safari ile: imegandana, ukiikunjua inapasuka kama maganda ya kitunguu. Miaka yote ile niliilinda isiguswe, na kulindwa ndiko kulikoiua. Lakini spoki na minyororo aliyoiacha kwenye grisi ilikuwa mizima, inang'aa. Hiyo mtu aliipaka mafuta kwa ajili ya safari, unaona. Nilikaa sakafuni nikalia, kilio cha msiba, kile ambacho sikukilia siku watu walipokuja na vyakula.

Kisha nikaifikia kengele. Ilikuwa pale pembeni mwa meza. Nikabonyeza. Haikulia. Nikabonyeza kwa dole gumba na nguvu zangu zote, kitufe hakikwenda hata chembe, kutu imekishika chuma kwa chuma. Kengele ile ilikuwa imeganda zamani sana, dada. Haikuwa imelia mwaka huo, wala pengine mwaka kabla yake. Tulikuwa tunasikia nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sheikh anasema nisiulize, nimwombee. Wewe ulisema jini. Mimi leo sisemi kitu. Ila nakuambia tulisikia, wawili, mchana kweupe.

Niliifungua kwa bisibisi nikaitia mfukoni. Nikaenda kwa Melchior nikamwambia mwenye nyumba hatarudi. Yule mzee alivua kofia, akasema poleni, kama amepewa habari ya kifo asubuhi ile ile. Alitupa muda wa kumsubiri Bi Houda atoke hospitali, na lori dogo la kuhamisha vitu alilileta yeye.

Ndiyo tupo Carama. Nyumba ni ndogo, ina dirisha kubwa linaloangalia njia, na nyuma kuna watu wanalima mahindi na mihogo. Usicheke, mke wa Asiatique niko hapa nafukuza mbuzi. Sheikh amesema mwenye kutolewa nyumba ana udhuru, naweza kukaa eda hapa. Basi nimekaa. Eda hiyo niliyoikimbia miaka, niko ndani yake, na nikuambie ukweli, siku ya kwanza nilitetemeka kama mtu aliyeingizwa baharini, siku ya pili nikalala. Nililala, dada! Alasiri ilinikuta nimelala, nikaamka magharibi.

Na duka lipo. Huku ndiko baiskeli zilikokimbilia, vijana wa taksi za baiskeli wanapita tangu alfajiri, na kila mmoja ana spoki imekatika. Kwa kuwa mimi nipo eda, nimeweka pazia, na dirishani ameketi Bi Houda, mguu juu ya stuli, kitambaa cheupe kwenye kile kidole kisichokuwepo. Haoni vizuri, hajui rimu wala pedali. Mimi nakaa nyuma ya pazia na kumnong'oneza, naye anasema kwa sauti kama fundi wa miaka. Juzi kijana kamwomba apunguze bei, akamjibu kuwa chuma hakina huruma na yeye amefundishwa nacho. Nilicheka nikauma mtandio. Mimi ambaye nilijua kupika tu na kungoja, sasa najua kuunga mnyororo na kunyoosha rimu kwa kusikiliza spoki. Mikono yangu ina grisi kwenye kucha haitoki. Naipenda.

Sasa limebaki lile nililoliogopa tangu mstari wa kwanza. Nimezunguka sana, naona karatasi inakwisha.

Nilijua.

Si tangu mwanzo. Lakini nilijua kabla ya mguu kuoza. Siku moja Bi Houda aliniegemea kuinuka kwenye mswala, uso wake ukapita karibu na wangu, nikasikia hiliki na tangawizi katika pumzi yake. Nyumba yetu ilikuwa na gilasi moja tu ya chai ya hiliki. Nilisimama pale nikielewa kila kitu, sukari, kidonda, macho, kila kitu kwa pamoja. Ningeweza kusema neno moja. Kesho yake alasiri nikapika chai. Na dada yangu, nikatia kijiko cha nne. Nilijiambia nampima, kwamba ikiwa ni yeye atashindwa kuimaliza, gilasi itarudi na chai, nami nitakuwa nimepata hakika na nitaacha. Gilasi ilirudi tupu. Nikaishika mkononi nikajiambia, umeona, ni Zayd, Zayd ndiye aliyependa tamu hivi. Nikaendelea na vijiko vinne tangu siku ile mpaka ile Alhamisi. Na Dative aliponiuliza munamulisha nini, niliapa. Wewe unajua nilivyokuwa naogopa kuapa tangu utoto.

Ndiyo maana sikushangaa kumkuta ngazini. Nilikuambia moyo ulinisimama kwa furaha, na ni kweli, lakini chini ya ile furaha nilikuwa najua ni nani aliyeanguka. Nilikimbia huku najua.

Jana nilimwambia. Nilitoka nyuma ya pazia, nikapiga magoti mbele ya ule mguu, nikamwambia yote pamoja na kijiko cha nne. Nilitaka anilaani, nipumzike. Yeye akasema kijiko cha nne alikionja siku ile ile. Alijua kwamba nimejua. Alikaa pale ngazini na gilasi mkononi akasema basi, binti huyu ananiambia nisiache, na akaimaliza. Maskini sisi! Wanawake wawili, kila mmoja anamjua mwenzake, na tunapandisha na kushusha gilasi kama vipofu, tukimwita mtu ambaye alikuwa anataka kuombewa dua tu. Alinishika kichwa. Aliniambia eda yangu ikiisha nikiolewa niolewe, nikihama nihame, ila nimwache mahali penye dirisha. Nilimwambia mimi siendi popote bila yeye, na kama ni kwenda Kigoma, tutakwenda naye na stuli yake.

Na ile kengele nimeiuza. Niliilaza kwenye kopo la mafuta ya taa siku kadhaa mpaka ikaachia. Kijana mmoja wa hapa, Darius, alikuja akataka kengele yenye inalia kweli, si hizi mpya za bati zinazokohoa. Mkono wangu ulienda kwenye kopo wenyewe. Nikampitishia Bi Houda chini ya pazia, akaipapasa, akaijua, akakaa nayo kiganjani. Kisha akampa. Darius aliipiga mara mbili kuijaribu, nasi wote wawili tukashika ukuta.

Sasa hivi ninapokuandikia alasiri imeingia. Darius ndiyo saa yake ya kurudi na abiria kutoka Kinama. Naisikia inakuja, kriing, kriing, inakaribia dirisha, inapita, inakwenda zake upande wa mashamba. Siku za kwanza miguu yangu iliinuka yenyewe kwenda jikoni. Leo haikuinuka. Bi Houda amesema huyo anapita, Mungu amrehemu, nami nimesema amina nikaendelea kuandika. Sitakuficha, bado inanipita kwenye mifupa. Lakini inapita.

Nisalimie shemeji, umwombe radhi kwa lile neno, na kama hukumwambia basi usimwambie. Wabusu watoto. Thuwaiba anauliza jogoo. Namba yako nimeifungua tangu jana, ila usipige mpaka umalize kusoma na umalize kulia, nakujua. Eda yangu ikitoka nakuomba uje, uje hata bila mawese. Chai nitakupikia mimi, bila sukari, kwa sababu nyumba hii sukari imetoka. Nitaketi mbele yako na utainywa nikikuona, mpaka mwisho, kwa macho yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Lamya, mjane wa Zayd